Mtani Aliyetozwa Kondoo

Asubuhi ya siku tuliyomzika Mzee Zablon, mama yangu alinipigia pasi shati, akalitazama, akalikunja na kulirudisha sandukuni.

"Vaa ovaroli yako," akasema. "Ukienda na shati la pasi watakuuliza wewe ni nani. Ukienda na ovaroli yenye saruji, wewe ni Mhehe tu, umekuja kuwachokoza Wagogo. Mhehe hafukuzwi kwenye msiba wa Mgogo."

"Na nikifukuzwa?"

"Utakuwa wa kwanza. Watakutangaza redioni."

Ndivyo alivyo mama yangu, Emiliana. Alitoka Kilolo akiwa na miaka kumi na tisa, akaja Dodoma kufanya kazi za ndani nyumbani kwa Mzee Zablon, mtaa wa Kikuyu, enzi hizo mzee akiwa bosi wa ofisi mwenye gari na dereva. Miaka miwili baadaye akatoka kwenye nyumba ile, begi mkononi na mimi tumboni. Hajawahi kunisimulia kilichotokea katikati, alinitajia jina tu, nilipofikisha miaka kumi na nane, kama mtu anayekuonyesha duka kwa mbali. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa, penye jina la baba, pamepigwa mstari. Mstari wenyewe umenyooka vizuri. Mimi ni fundi tailizi, mstari ulionyooka naujua.

Nilikuwa nataka kitu kimoja. Jeneza likishashushwa, ndugu huitwa kwa zamu kutupa udongo: mjane, halafu watoto, halafu wajukuu, mpaka wawakilishi wa ofisi. Nilitaka watakapoita watoto na mimi niende. Chepe moja la udongo. Sikutaka nyumba wala shamba, hata picha ya ukutani sikuitaka. Lakini udongo ule usipoutupa siku ile hutautupa tena, na maziko yalikuwa saa kumi.

Shida ilikuwa namna ya kufika pale. Mtu anayetokea msibani kwa tajiri akasema "na mimi ni mtoto" hahitaji kuendelea; kila aliyekaa chini ya turubai ameshajua amefuata nini, na vijana wa kumsindikiza getini hawakosekani. Mtani ni mwingine. Wahehe na Wagogo walichoka kupigana zamani wakaamua kutaniana, na mtani msibani ana vibali ambavyo hata mchungaji hana. Anaingia bila hodi. Anavaa nguo za marehemu na kumwiga alivyokuwa akitembea. Anashuka hata kaburini akagoma kutoka mpaka apozwe kwa hela. Na kumkasirikia ni aibu.

Basi nilipanga niingie kwa mlango wa utani. Huko mbele nitajua mwenyewe. Ndivyo ninavyopata hata vibarua.

Niseme pia kwamba mzee nilishawahi kumwona kwa karibu. Mwaka juzi nilisikia anatafuta fundi wa kupanga tailizi za baraza, nikaikimbilia kazi ile kwa bei iliyofanya mafundi wenzangu waniulize kama naumwa. Siku nne nilipiga magoti mbele ya nyumba ya baba yangu nikiwa na pima maji na ndoo ya saruji. Alikuwa akija, mikono nyuma, bega la kushoto limeshuka, anagusa tailizi kwa ncha ya kiatu. "Hapa pamepinda." Na kweli pamepinda, kwa unene wa ukucha. Siku ya mwisho nikiwa nakusanya vyombo, akanisimamia muda mrefu, kisha akauliza, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Inawezekana ilikuwa adabu tu, mtu mzima anamuuliza kijana habari za nyumbani. Inawezekana. Nimeligeuza swali hilo mwaka na nusu, na kila nikiligeuza lina upande mwingine.

*

Kikuyu palikuwa na maturubai mawili. La mbele lilikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na chupa ndogo za maji, la watu wa ofisi. La nyuma, karibu na masufuria, lilikuwa na mikeka, la ndugu waliotoka kijijini Zuzu. Katikati ya maturubai hayo hapakuwa na kamba wala askari, na hakuna aliyekosea turubai lake.

Nikaenda nikakaa mbele, kati ya mabwana wawili wenye suti nyeusi.

"Samahani ndugu," mmoja akaninong'oneza, "hapa ni kwa ajili ya wageni rasmi."

"Mimi ndiye rasmi," nikasema kwa sauti. "Mhehe nimefika. Nimeambiwa kuna Mgogo amekubali kulala bila kuomba chochote, nikasema hilo lazima nilione kwa macho."

Turubai la nyuma likalipuka kwa kicheko. Mama mmoja aliyekuwa akilia akafuta kamasi na kupaza sauti, "Fungeni mbwa wasije wakaliwa, jamani. Mhehe ameingia."

"Mbwa wenu wamekonda, dada. Mnawalisha mlenda."

Wakacheka tena, na nikahisi hewa ikilegea. Mzee Silvano, jirani wa marehemu kule Zuzu, akainuka kwenye mkeka na kuingia ndani. Akatoka na koti la kijivu na kofia ya pama. "Mtani, tuonyeshe," akasema. "Sisi tumemsahau alivyokuwa anatembea. Alikuwa anakuja kwa gari."

Nikavaa. Koti lilinikaa mabegani kana kwamba lilipimwa kwangu. Nikafunga mikono nyuma, nikakumbuka kushusha bega la kushoto, nikaanza kutembea kwenye tailizi nilizozipanga mwenyewe. Nilipofika hatua ya tatu nikagundua sina haja ya kukumbuka. Bega lilikuwa limeshuka lenyewe. Bega lile hushuka kila siku. Miaka yote nilidhani ni mifuko ya saruji.

Nikagusa tailizi kwa ncha ya kiatu. "Hapa pamepinda," nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida.

Kicheko kilikatika. Hakikupungua, kilikatika. Kwenye mkeka wa mbele alikuwa amekaa mama mzee mwenye kitenge cheusi, Shangazi Paulina, dada mkubwa wa marehemu. Alikuwa akicheka kuliko wote. Sasa alikuwa ameshika goti lake, ananitazama mgongoni.

"Vua kofia," akasema.

Nikavua.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Anaitwa mama, shangazi. Kwetu umaskini mpaka wa majina."

Waliokuwa mbali wakacheka. Yeye hakucheka. "Kulikuwa na binti hapa," akasema polepole, "akiulizwa jambo la maana anajibu hivyo hivyo."

Mlangoni alikuwa amesimama Lydia, mtoto mkubwa wa marehemu. Miwani myeusi, simu mkononi. "Wewe si yule fundi wa tailizi?"

"Fundi ndiyo. Na Mhehe ndiyo. Msiba hauzuii mtu kuwa na kazi mbili."

Nyuma ya Lydia akatokea mama yake. Mama Lydia hakuniangalia usoni hata kidogo. Aliliangalia koti, halafu akamwangalia shemeji yake, Mzee Elieza, mdogo wa marehemu aliyekuwa akisimamia shughuli yote. Mzee Elieza akanishika kiwiko na kunipeleka nyuma ya tangi la maji.

"Mama yako ni Emiliana?"

"Shikamoo, mzee."

"Sijakuuliza shikamoo."

"Ndiye huyo."

Akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ratiba. "Sikiliza, kijana. Umechekesha watu, asante. Koti baki nalo. Zuzu usifike. Ukifika Zuzu ukaleta jambo, nitaita askari, na mama yako atakuja kukutolea dhamana siku ambayo angekuwa analia kwake kwa utulivu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee," nikasema. Nilikuwa nimeelewa.

Jeneza lilipopakiwa, Fuso la watu wa Zuzu likapita mbele yangu nikiwa nimesimama kando ya barabara na koti la baba yangu. Mzee Silvano akagonga bodi lisimame. "Mtani, unangoja nini? Msiba usio na mtani si sawasawa na semina?" Akanipa mkono, akanivuta juu.

*

Shamba la ukoo Zuzu lipo upande wa pili wa reli. Kaburi lilikuwa la kujengewa, kuta nne za matofali zimevishwa tailizi nyeupe mpaka chini. Nilipolichungulia tu nikaona kona ya kaskazini imepinda. Fundi aliyeifanya alikuwa na haraka, au hakuwa na uzi.

Watu wakapangana. Suti upande wa kivuli, mikeka upande wa jua. Mzee Elieza akafungua karatasi na kusoma wasifu: amezaliwa, amesoma, ameajiriwa, amepanda cheo, amepanda tena, amestaafu. Aliponiona nyuma ya Silvano akakohoa, akaendelea. "Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu na wajukuu watano."

Watatu.

Nilikuwa najua litasemwa hivyo. Nilijiandaa wiki nzima kulisikia. Miguu ndiyo haikujiandaa. Nilipita kati ya watu, nikashika ukingo, nikajiachia mpaka chini. Nikakaa kwenye sakafu ya kaburi, nikaegemea ukuta.

Juu wakashangilia. Kumbe ndicho walichokuwa wakingoja. "Mhehe ameingia. Mpozeni." Noti zikaanza kudondoka. Nikaziokota, nikazikunja, nikazirudisha juu ya ukingo.

"Leo sitaki hela."

"Ameugua huyu. Anataka mbwa?"

"Nataka mzee asome tena pale mwisho. Watoto wangapi?"

"Watatu," Mzee Elieza akasema.

"Hesabu vizuri."

Wengine wakacheka, wakidhani kuna kichekesho kinakuja. Nikatazama juu. Nyuso zilizunguka mstatili wa anga, na nikaona kicheko kikiondoka usoni kwa mmoja mmoja kadiri kimya kilivyokuwa kikirefuka. Jeneza lilikuwa kwenye kamba tayari, vijana sita wameshika.

"Mtoeni," Mama Lydia akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake. Ilikuwa ya chini na imechoka.

Vijana wawili wakainama. Silvano akaweka fimbo yake mbele yao. "Mtani hashikwi akiwa humo. Mnataka balaa?"

Hapo ndipo Mzee Elieza alipoonyesha kwa nini yeye ndiye msimamizi. Aliikunja karatasi, akachuchumaa ukingoni, akaongea na mimi taratibu huku wote wakisikia.

"Mtani, nakuuliza mara moja. Wewe ni Mhehe? Kama ni Mhehe, taja kitu tunachoweza kukupa, utapewa sasa hivi, utatoka, tutapeana mikono, na maneno yote uliyosema tangu asubuhi ni utani, yamekwisha, hakuna atakayeyakumbuka. Kama una dai lingine, basi wewe si mtani. Na kama si mtani, unafanya nini ndani ya kaburi la ndugu yangu?"

Nikaielewa hesabu yake, na ilikuwa hesabu safi. Nikiwa Mhehe, naruhusiwa kusema lolote na halitakuwa kweli. Nikiacha kuwa Mhehe, litakuwa kweli na sina ruhusa ya kulisema, na shimo lile lingeacha kuwa kinga na kuwa kosa. Ningeweza kuomba koti. Koti nilikuwa nalo tayari. Ningetoka, wangepiga makofi, ningerudi mjini na hadithi nzuri ya kijiweni.

Kiganja changu kilikuwa kwenye ile kona iliyopinda. Nilikuwa naifuata kwa kidole bila kujua.

"Mzee Elieza," nikasema, "mimi si mtani. Mtani ni mama yangu. Mhehe ni yeye."

Hakuna aliyecheka.

"Mmesikia wenyewe," Mama Lydia akasema. "Si mtani."

Silvano akaondoa fimbo yake polepole. Hakuwa na namna. Mikono ikanishika kwapani. Nilivutwa juu, viwiko vikakwaruza tailizi, nikatupwa kifudifudi kwenye lundo la udongo. Mtu mmoja akanikanyaga kwenye kifundo cha mkono, sijui kwa bahati mbaya au nzuri. Nikasikia Mzee Elieza akisema, "Mpelekeni mpaka relini," na nikaanza kuburuzwa. Nilikuwa nimekula mchanga. Nilichokuwa nakiwaza ni kwamba mkono wangu wa kulia umejaa udongo uleule, na niko mbali na shimo kwa hatua kumi, na kila hatua wananiongezea.

"Mrudisheni," ikasema sauti ya mwanamke. "Huyo ana kesi."

Wakasimama. Shangazi Paulina alikuwa ameinuka kwenye mkeka, binti mmoja amemshika mkono.

"Kesi gani tena, dada?" Mzee Elieza akauliza. "Saa kumi imepita."

"Ameingia kwenye kaburi la baba yake kabla baba yake hajaingia. Kwa ukoo wetu hiyo ni kondoo. Mweusi. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Zablon alitozwa kwa kuruka tu kaburi la babu, akimfukuza jogoo."

"Dada, huyu si…"

"Si nani? Malizia." Alingoja. Mzee Elieza akaitia karatasi mfukoni. "Kama ni mpita njia, hana kosa. Mwosheni hivyo viwiko, mwombeni radhi. Kama ni mtani, mmemshika kaburini; mrudisheni shimoni amalize, na nyinyi ndio wenye kosa. Kama ni mtoto, anatozwa. Mimi nimesimama kwa mguu mbovu, Elieza. Chagua moja tuzike."

Upepo wa Zuzu ukapiga vitenge. Mchungaji alikuwa anatazama saa yake bila kuinua mkono. Watu wa suti, ambao pengine hawakuelewa nusu ya yaliyosemwa, walikuwa wametulia kama wanafunzi. Vijana walionishika walikuwa wamelegeza mikono, hawajaachia.

Mama Lydia naye alikuwa amevaa miwani myeusi; akaivua. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala siku nne. "Mimi kondoo wa Emiliana haingii getini kwangu," akasema.

"Hataletwa Kikuyu," Shangazi akajibu, kwa upole kuliko nilivyotegemea. "Ataletwa hapa. Atachinjwa hapa. Wewe wifi yangu hutaonja."

Mama Lydia akairudisha miwani. Akageuka, akatazama jeneza. Akasema, "Zikeni."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Vijana wakaachia mikono yangu.

Jeneza likashuka. Mjane akatupa udongo. Mzee Elieza akaifungua tena karatasi yake, akaitazama kitambo kirefu, akaikunja. "Watoto," akasema. Hakutaja idadi.

Lydia akaenda, akatupa. Wadogo zake wawili wakatupa. Yule wa mwisho akanyoosha chepe kuwapa wajukuu, Lydia akalipokea njiani. Hakunitazama. Alilichomeka kwenye lundo la udongo, mpini juu, akarudi mahali pake akasimama mikono nyuma.

Sikujua kama nimeitwa. Wajukuu walikuwa wanangoja, mchungaji anangoja. Nikaenda. Viwiko vilikuwa vinawaka. Nikachota chepe moja, wala halikuwa limejaa, nikalitupia upande wa kaskazini, kwenye ile kona.

Niliporudi nyuma, Shangazi Paulina akaniita kwa kidole. Nikachuchumaa.

"Jina lako nani?"

"Optatus, shangazi."

"Optatus. Unazo siku saba. Mweusi wote, asiwe na doa. Ukileta mwenye doa nitakurudisha naye."

"Na nikikosa?"

"Utakuwa mtoto mwenye deni," akasema. "Hutakuwa wa kwanza kwenye ukoo huu."

*

Mama alinipigia nikiwa bado nasubiri usafiri relini, koti la kijivu mkononi, limechanika kwapa.

"Enhe. Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu. Wamenitoza."

"Wamekutoza? Wewe mtani?" Sauti ikapanda. "Wagogo wameanza lini kumtoza Mhehe? Wamekutoza nini?"

"Kondoo mweusi."

Nikasikia sufuria likifunikwa, kisha kiti kikivutwa. Alikuwa amekaa. Nilingoja aseme jambo la kuchekesha, na nadhani yeye pia alikuwa akilitafuta.

"Wa kondoo yupo Mrangi mmoja mnadani," akasema hatimaye, na sauti haikuwa yake kabisa. "Anaitwa Khamisi. Mwambie umetumwa na mimi, asikupandishie bei."